Mkao wa dirisha la VS Code umevurugika: dalili, chanzo na namna ya kuurudisha

Wengi wanaolalamika kwamba VS Code yao, programu ya kuandikia msimbo, imeharibika hawana programu mbovu hata kidogo. Wana dirisha ambalo mkao wake umebadilika, na hawajui mabadiliko hayo yameandikwa wapi. Upau wa kando umetoweka, terminali (sehemu ya kuandikia amri za kompyuta) imehamia kulia, menyu ya juu haionekani, herufi zimevimba. Mara nyingi kinachofuata ni kuifuta programu na kuisakinisha upya. Bando linaliwa, programu inafunguka, na kasoro ni ileile.

Lazima iwe ileile, kwa sababu mkao wa dirisha hautunzwi ndani ya folda ya programu. Unatunzwa mahali pawili tofauti, na pote pawili hubaki hata ukiifuta programu. Mahali pa kwanza ni faili ya mipangilio, `settings.json`, ambayo unaweza kuifungua, kuisoma na kuihariri mwenyewe. Mahali pa pili ni kumbukumbu ya programu: hifadhidata ndogo za SQLite zinazoitwa `state.vscdb`, ambamo programu huandika kimyakimya ulichofungua, ulichofunga na ulichokiburuta. Faili ya mipangilio inasema unachotaka. Kumbukumbu inasema ulichofanya mara ya mwisho. Karibu kila tatizo lililo hapa chini ni la mtu anayehangaika na mahali pamoja ilhali jibu liko kwenye pale pengine.

Kwenye Windows vyote viwili vimo ndani ya `%APPDATA%\Code\User`. Kwenye Linux ni `~/.config/Code/User`, na kwenye Mac ni `~/Library/Application Support/Code/User`. Usifute chochote humo kwa sasa. Sababu nitaieleza mbele, na ni nzito.

Kabla ya kuanza, shika njia mbili za vitufe. Ctrl+Shift+P hufungua kisanduku cha amri, na kitufe cha F1 hufanya kazi hiyohiyo. Ctrl na koma hufungua ukurasa wa mipangilio. Kwenye Mac weka Cmd badala ya Ctrl. Njia hizi zinafanya kazi hata kama menyu na pau zote zimejificha, ndiyo maana nazitegemea kuliko kipanya. Majina ya amri nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye programu, ili uyaandike hivyohivyo.

Kila kitu kimetoweka, limebaki faili peke yake

Dirisha limejaa skrini nzima, hakuna upau wa kando, hakuna menyu, na maandishi yamekaa katikati yakiwa na nafasi tupu pande zote mbili. Hiyo ni hali ya utulivu, inayoitwa Zen Mode. Imewashwa kwa kubonyeza Ctrl+K kisha Z, na ni rahisi sana vidole vikateleza hapo kwa sababu Ctrl+Z hutumika kila dakika. Bonyeza Esc mara mbili mfululizo. Mara moja haitoshi, na hapa ndipo watu hukata tamaa.

Hali hii inakumbukwa. Ukifunga dirisha ukiwa ndani yake, mpangilio wa `zenMode.restore` ndio unaoamua kama utairudia utakapolifungua tena. Ndiyo maana kuzima kompyuta na kuiwasha hakusaidii.

Kama upau wa kando upo na menyu ipo, ila maandishi yamebanwa katikati, huo ni mkao wa katikati tu. Andika "Toggle Centered Layout" kwenye kisanduku cha amri, nao utaondoka.

Kama kilichopotea ni upau wa kando wenye orodha ya faili, bonyeza Ctrl+B. Kama ni paneli ya chini yenye terminali, bonyeza Ctrl+J. Kama ni upau mwembamba wenye aikoni, tafuta `workbench.activityBar.location` kwenye ukurasa wa mipangilio. Huenda umewekwa `hidden`, urudishe kwenye `default`. Vichupo vya faili (tabs) navyo vina mpangilio wao, `workbench.editor.showTabs`, na thamani ya `none` huviondoa vyote.

Menyu ya juu, kwenye Windows na Linux, bonyeza Alt kwanza uone. Ikijitokeza kisha ikajificha tena, basi `window.menuBarVisibility` ipo kwenye `toggle`. Isipojitokeza kabisa, ipo kwenye `hidden`. Ukiona kitufe kimoja chenye mistari mitatu badala ya menyu, hiyo ni `compact`. Ukitaka menyu ya kawaida, weka `classic`.

Nimeandika mpangilio, lakini hakuna kilichobadilika

Hapa kuna vyanzo vingi, na nashauri uvipitie kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Tuchukue mfano wa mtu aliyeandika hivi:

```
{
  "workbench.sidebar.location": "right",
  "workbench.activityBar.location": "top",
  "workbench.panel.defaultLocation": "right"
}
```

Mistari mitatu. Wa pili umefanya kazi: aikoni zimepanda juu. Wa kwanza na wa tatu umekuwa kama haupo. Kwa nini?

Wa kwanza una herufi moja iliyokosewa. Jina sahihi ni `workbench.sideBar.location`, lenye B kubwa. Programu hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na haikusahihishi. Dalili yake ni kwamba jina huonekana limefifia ndani ya faili, na ukiweka kipanya juu yake unaambiwa ni mpangilio usiojulikana. Kila unapoona jina lililofifia, simama hapo kwanza kabla ya kwenda kokote. Ama umekosea tahajia, ama kiendelezi (extension, nyongeza ya programu) chenye mpangilio huo hakijasakinishwa, ama jina limepitwa na wakati. VS Code ilitangazwa tarehe 29 Aprili 2015, na tangu hapo majina mengi yamebadilishwa: upau wa aikoni ulikuwa na `workbench.activityBar.visible` yenye ndiyo na hapana tu, na sasa nafasi hiyo imechukuliwa na `workbench.activityBar.location` yenye thamani nne. Maelekezo ya zamani yamejaa mtandaoni, na yanaendelea kunakiliwa.

Mstari wa tatu una jina sahihi na thamani sahihi, na bado paneli haijahama. Huu ndio mtego unaowapotezea watu muda mwingi kuliko yote niliyoyataja, kwa hiyo tuutazame vizuri. Neno `default` lililo ndani ya jina lina maana yake kamili: mpangilio huu huamua paneli itakaa wapi katika folda ambayo programu haijawahi kuifungua. Folda unayoifanyia kazi kila siku tayari ina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inasema paneli iko chini. Mpangilio hauigusi. Ukitaka kuihamisha paneli ya folda uliyomo, tumia amri, "Move Panel Right", au bofya kichwa cha paneli kwa kitufe cha kulia uchague mahali. Kisha acha mpangilio ubaki kwa ajili ya folda zijazo.

Upau wa kando haufanyi hivyo. Ukiuhamisha kwa amri, programu inakwenda yenyewe kuandika `workbench.sideBar.location` kwenye faili yako. Kwa maneno mengine, vitu viwili vinavyokaa jirani kwenye skrini vinatii sheria mbili tofauti: upande wa upau wa kando unafuata faili, upande wa paneli unafuata kumbukumbu. Waliounda programu wangeweza kulionyesha jambo hili wazi zaidi, lakini ukishalijua halikusumbui tena.

Sasa tuseme jina ni sahihi, halijafifia, halina neno `default`, na bado hakuna kitu. Tazama kama faili yenyewe ina kosa la uandishi. Koma iliyosahaulika kati ya mistari miwili, alama ya nukuu isiyofungwa, bano la ziada mwishoni. Programu husoma inachoweza na kuruka kisichoeleweka, kwa hiyo unaweza kukuta mipangilio ya juu inafanya kazi na ya chini haifanyi. Dalili nyingine ni ujumbe unaokataa kuandika kwenye mipangilio mpaka urekebishe makosa, kila unapojaribu kubadilisha kitu kwa kipanya. Angalia pia kama jina moja limeandikwa mara mbili: la chini ndilo linaloshinda, na la juu, ambalo ndilo unalolihariri kwa bidii, halina kazi.

Baada ya hapo, tazama ngazi. Mpangilio mmoja unaweza kuandikwa mahali kadhaa, na wa karibu zaidi na kazi yako ndio unaoshinda. Chini kabisa kuna thamani ya kiwandani. Juu yake kuna faili yako binafsi. Juu ya hiyo kuna faili ya mradi, `.vscode/settings.json`, iliyo ndani ya folda unayoifanyia kazi. Mradi uliofungua folda kadhaa kwa pamoja huongeza ngazi nyingine, ya kila folda peke yake. Kama umeandika `right` kwenye faili yako binafsi na mradi unasema `left`, utaona kushoto, na utaendelea kuona kushoto hata ukiandika mara mia. Njia ya kujua: fungua ukurasa wa mipangilio, tafuta jina, kisha soma maandishi madogo yaliyo kando yake. Yakisema "Also modified in" na kutaja "Workspace", umempata mhusika. Ukiandika `@modified` kwenye kisanduku cha kutafutia, utaona tu yale yaliyobadilishwa, na hiyo hupunguza kazi sana.

Kuna ubaguzi mmoja kwenye ngazi hizi. Mipangilio iliyofungwa kwa lugha fulani ya programu hushinda ile ya jumla, hata kama ya jumla imeandikwa mahali pa karibu zaidi. Mfano mzuri ni kukunja mistari mirefu. Umeweka `editor.wordWrap` kuwa `off`, faili zote zimetii, isipokuwa za Markdown (faili za maandishi zenye kiishio cha `.md`). Hilo si kosa lako: VS Code inakuja na kanuni yake ya Markdown inayosema mistari ikunjwe. Ili kuishinda, andika ya kwako ndani ya sehemu ya lugha hiyo:

```
"[markdown]": {
  "editor.wordWrap": "off"
}
```

Na mwisho, kuna mipangilio inayosubiri programu ifungwe kabisa na kufunguliwa upya. `window.titleBarStyle` ni mmojawapo. Kufunga dirisha moja huku mengine yakiwa wazi hakuhesabiki kuwa ni kufunga programu.

Folda hii iko sawa, ile imevurugika

Hii ni kumbukumbu, si mipangilio. Programu hukumbuka kwa kila folda peke yake kama upau wa kando ulikuwa wazi au umefungwa, paneli ilikuwa upande gani, na faili zipi zilikuwa wazi. Kumbukumbu hizo zimo ndani ya `workspaceStorage`, na kila folda ina sanduku lake lenye jina refu lisilosomeka, linalotokana na anwani ya folda hiyo kwenye diski. Kutokana na hilo, ukihamisha mradi kutoka kwenye Desktop kwenda kwenye diski nyingine, au ukibadilisha tu jina la folda, programu inauona kama mradi mgeni. Mkao wote unaanza upya. Hakuna kilichoharibika. Upange tena mara moja, nao utakumbukwa.

Lakini kama tofauti ni kubwa kuliko hiyo, yaani rangi ni nyingine, aikoni ni nyingine, hata viendelezi havifanani, basi tazama wasifu. Wasifu ni seti kamili ya mipangilio, viendelezi, njia za vitufe na mkao, na VS Code hukumbuka ni wasifu upi uliotumiwa kwenye folda ipi. Ukifungua folda uliyowahi kuipa wasifu mwingine, programu inabadilika nzima. Bofya gurudumu la meno lililo chini kushoto uone jina la wasifu uliomo. Kumbuka kwamba kila wasifu una `settings.json` yake, kwa hiyo huenda ulichoandika kimeandikwa kwenye wasifu ambao hautazami sasa. Kama kuna mpangilio unaoutaka kila mahali, ubofye gurudumu dogo lililo kando yake kwenye ukurasa wa mipangilio, kisha chagua utumike kwa wasifu zote.

Terminali imehamia nisikokujua

Karibu kila kipande cha VS Code kinaburutika. Terminali inaweza kuingia upau wa kando, orodha ya faili inaweza kushuka kwenye paneli, na kichupo kinaweza kutolewa nje kikawa dirisha linalojitegemea. Kwenye padi ya mguso ya kompyuta ndogo, vidole viwili vikigusa vibaya vinatosha kuhamisha kitu bila mwenyewe kujua.

Kama terminali imeonekana miongoni mwa vichupo vya faili, tumia amri "Move Terminal into Panel". Kama paneli imefunika sehemu yote ya kuandikia, imekuzwa tu: amri "Toggle Maximized Panel" itaishusha. Ikiwa inajikuza kila inapofunguliwa, `workbench.panel.opensMaximized` imewekwa `always`, iweke `never`.

Aikoni iliyopotea kwenye upau mara nyingi imefichwa tu. Bofya upau huo kwa kitufe cha kulia, utaona orodha yenye alama za tiki, na iliyokosa tiki ndiyo unayoitafuta.

Vitu vikiwa vimehama vingi mno, kuna amri moja ya kuvirudisha vyote nyumbani: "View: Reset View Locations". Haigusi faili zako, haigusi mipangilio yako, haifuti kiendelezi. Inarudisha kila kipande mahali pake pa asili, basi. Natamani kila mwalimu wa programu angeifundisha siku ya kwanza.

Herufi ni ndogo mno, au kubwa mno

Kwanza amua ni herufi zipi. Kama ni msimbo peke yake, `editor.fontSize` ndiyo unayoihitaji. Kama ni terminali peke yake, `terminal.integrated.fontSize`. Kama ni kila kitu, pamoja na menyu na majina ya faili, hilo ni suala la ukuzaji wa dirisha, `window.zoomLevel`.

Kwenye ukuzaji, namba 0 ni ukubwa wa kawaida, na kila hatua huongeza au kupunguza asilimia 20. Hatua hizo huzidishana: 1 ni asilimia 120, na 2 ni asilimia 144. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za maabara na za mitumba, hatua moja tu ya juu inakuachia nafasi sawa na skrini ya 1138 kwa 640. Ndiyo maana mtu anayekuza dirisha ili asome vizuri hujikuta hana tena mahali pa kuandikia. Kwa skrini kama hiyo ni heri kuacha ukuzaji kwenye 0, kuongeza `editor.fontSize`, kisha kurudisha nafasi kwa kupunguza mapambo:

```
"editor.fontSize": 16,
"editor.minimap.enabled": false,
"breadcrumbs.enabled": false,
"workbench.activityBar.location": "top"
```

Ramani ndogo ya upande wa kulia ndiyo inayokula nafasi ya upana bila faida kubwa kwenye skrini ndogo. Wenye macho hafifu wasione aibu kupandisha herufi hadi 18 au 20. Mistari ikizidi upana, `editor.wordWrap` itaikunja.

Kama ukubwa unabadilika kila unaposogeza gurudumu la kipanya huku umeshika Ctrl, umewasha `editor.mouseWheelZoom`. Izime, kisha tumia amri "Reset Editor Font Size". Na kama umekuza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha kwenye dirisha moja na la pili halikufuata, ni kwa sababu siku hizi kila dirisha lina ukuzaji wake. Mpangilio wa `window.zoomPerWindow` ndio unaoliamua hilo. Ukitaka madirisha yote yawe sawa tangu yanapofunguka, andika namba kwenye `window.zoomLevel` badala ya kutegemea vitufe.

Jana ilikuwa sawa, leo imebadilika yenyewe

Je, unatumia akaunti moja kwenye kompyuta mbili? Usawazishaji wa VS Code haubebi mipangilio tu. Hubeba pia mkao: aikoni zipi zionekane na vipande viko wapi. Ukipanga dirisha la skrini kubwa ya ofisini, kompyuta ndogo ya nyumbani inapokea mkao huohuo hata kama haiutoshi. Fungua amri "Settings Sync: Configure" na uondoe tiki kwenye "UI State". Kama tatizo ni mpangilio mmoja au miwili, kama ukubwa wa herufi, usizime kila kitu. Orodhesha majina yake kwenye `settingsSync.ignoredSettings`, na kila kompyuta itabaki na thamani yake.

Kama hutumii usawazishaji, huenda programu imejisasisha. Upau wa pili wa kando, ule wa upande wa pili wenye mazungumzo ya akili mnemba, umekuwa ukijitokeza kwa watu ambao hawakuuomba. Ctrl+Alt+B huufunga. Ili usijifungue kwenye folda mpya, weka `workbench.secondarySideBar.defaultVisibility` kuwa `hidden`. Utaona neno `default` tena: folda ambazo tayari zina kumbukumbu utazifungia mwenyewe.

Chanzo cha tatu ni viendelezi. Kiendelezi kinaweza kuongeza aikoni, kufungua paneli, hata kuleta thamani zake za mwanzo za mipangilio. Usikae kuvizima kimoja kimoja. Amri ya "Start Extension Bisect" huzima nusu ya viendelezi, inakuuliza kama tatizo bado lipo, kisha inagawa nusu iliyobaki, hadi abaki mhusika. Mwenye viendelezi 32 anampata kwa maswali kama matano.

Nimejaribu yote

Sasa unataka kujua kama tatizo ni lako au ni la programu. Fungua dirisha jipya kabisa lisilojua lolote kukuhusu, kwa kuandika hivi kwenye terminali ya Linux au Mac:

```
code --user-data-dir /tmp/jaribio --disable-extensions
```

Kwenye Windows taja folda yoyote tupu badala ya `/tmp/jaribio`. Dirisha likifunguka likiwa sawa, programu ni nzima na tatizo limo ndani ya folda ya `User`. Njia nyepesi zaidi ni amri ya "Create a Temporary Profile", inayokupa wasifu wa muda utakaofutika ukishafunga.

Hapa ndipo watu hufuta folda nzima ya `Code`, na hapa ndipo hasara ya kweli hutokea. Ndani ya `User` kuna folda ya `History`, yenye matoleo ya zamani ya faili ulizohifadhi. Pembeni ya `User` kuna folda ya `Backups`, inayotunza maandishi ambayo hujayahifadhi, yale yanayorudi yenyewe ukifungua programu kesho yake. Ukifuta vyote, kazi hiyo imekwenda. Kwa hiyo hifadhi kwanza kila faili iliyo wazi, funga programu kabisa, kisha badilisha jina la folda badala ya kuifuta: `User` iwe `User-ya-zamani`. Programu itaunda nyingine. Baada ya hapo rudisha `settings.json`, `keybindings.json` na folda ya `snippets` kimoja kimoja, ukifungua programu kila mara kuona kama kasoro imerudi. Utakachorudisha na kasoro ikarudi nacho, hicho ndicho chenye tatizo.

Mmoja amebadilisha, wote tumepata

Kikundi cha watu wanaoshirikiana mradi kupitia Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, kinaweza kuamka asubuhi na kukuta madirisha ya wote yamehamisha upau kulia. Mwenzao mmoja amebadilisha mkao wake akiwa kwenye sehemu ya mradi ya ukurasa wa mipangilio, programu ikaandika kwenye `.vscode/settings.json`, na faili hiyo ikasafiri pamoja na msimbo. Kwa sababu ngazi ya mradi inashinda ngazi ya mtu, kila mmoja amevishwa mkao wa mwenzake.

Hili nalichukulia kwa uzito, hasa panapokuwa na mtu anayehitaji herufi kubwa ili aone, au aliyezoea upau upande fulani kwa sababu ya mkono anaoutumia. Faili ya mradi iwe na yale yanayohusu msimbo: upana wa nafasi za mwanzo wa mstari, kipangilio cha msimbo, folda zisizotafutwa. Mipangilio ya mkao inayoanza na `workbench.` na `window.`, pamoja na `editor.fontSize`, iondolewe humo na kila mtu aiandike kwake. Msipoifuta faili, ifungueni pamoja na kuondoa mistari hiyo, kisha mwekeni mabadiliko kwenye Git kama mabadiliko mengine. Mkiamua faili nzima isisafiri tena, kuiongeza kwenye `.gitignore` peke yake hakutoshi kwa sababu Git tayari inaifuatilia. Itolewe kwenye ufuatiliaji kwanza:

```
git rm --cached .vscode/settings.json
```

Amri hiyo huiacha faili kwenye kompyuta ya aliyeitekeleza, lakini wenzake watakapovuta mabadiliko itaondoka kwao. Waambieni mapema, ili kila aliye na kitu anachokihitaji humo akinakili kwenye mipangilio yake binafsi kabla ya kuvuta.